SOMO LA WIKI: Jaribio dogo hulinda mtaji mkubwa

BAGAMOYO – Mchuuzi anayenunua samaki mnadani ufukweni Bagamoyo hushindana na saa. Samaki aliyekuwa mgumu na mwenye macho angavu saa mbili asubuhi, saa kumi jioni huwa amelegea, na mnunuzi ndiye hupanga bei. Tofauti ya bei ya asubuhi na ile ya jioni ni hasara halisi, lakini wachuuzi wengi hawaiandiki popote. Huiita bahati mbaya, na kesho yake hununua kwa mtindo uleule.

Hali ni hiyohiyo kwa muuza nazi, mkaushaji wa dagaa, mkulima wa mwani na mwenye mashamba ya chumvi kutoka Bagamoyo kuelekea Saadani. Kila mmoja ana kero inayokula faida yake kidogokidogo. Somo la wiki hii linaeleza namna mfanyabiashara mdogo anavyoweza kujifunza kutatua kero hizo kwa mazoezi ya mikono, yaani kutengeneza kitu cha bei ndogo, kukijaribu, kuhesabu matokeo na kukirekebisha kabla ya kuingiza mtaji mkubwa.

Ubunifu hujengwa kwa mazoezi

Watu wengi huamini kuwa ubunifu ni kipaji cha wachache. Pwani yenyewe inatoa ushahidi tofauti. Fundi wa mashua huanza na mkuku, akapanga mataruma, akapiga mbao na kuzikalafati kwa pamba, mara nyingi bila mchoro wowote wa karatasi. Ujuzi wake umetokana na vyombo vingi vilivyotangulia, ambavyo vingine vilivuja na vingine vililala upande mmoja. Kila kosa lilirekebishwa katika chombo kilichofuata.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), nacho hufundisha kwa njia ya vitendo. Mwanafunzi hawezi kujua kuchonga kwa kusikiliza mhadhara tu. Hushika patasi, hukosea na hurudia.

Mfanyabiashara anaweza kutumia utaratibu huohuo. Tatizo ni kwamba wengi huufanya kinyumenyume: hununua kwanza kifaa cha gharama, mara nyingi kwa mkopo, kisha ndipo hugundua kuwa tatizo lao lilikuwa jingine.

Funzo la dema

Mfano mzuri unapatikana kwa majirani wa Kenya. Dema ni mtego wa zamani katika pwani yote ya Waswahili. Samaki huingia kwa urahisi lakini hushindwa kutoka. Ubaya wake ni kwamba hunasa pia samaki wachanga na wale wasio na soko. Wakibaki humo, hujaza mtego, na wakivuliwa leo hawatakuwapo kukua na kuuzwa mwakani.

Watafiti waliofanya kazi na wavuvi wa Kenya walijaribu badiliko dogo sana. Waliacha nafasi nyembamba iliyosimama wima kwenye kona za dema, ili samaki wadogo na wembamba wapite na wakubwa wabaki. Walijaribu nafasi za upana tofauti na kulinganisha mavuno na yale ya dema la kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa dema lenye nafasi lilipunguza samaki wasiotakiwa, lilitoa samaki wakubwa zaidi kwa wastani na likaongeza kipato cha mvuvi.

Mambo matatu yanafaa kuangaliwa hapo. Kwanza, hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Pili, kilichobadilishwa ni kitu kimoja tu, hivyo ilikuwa rahisi kujua sababu ya tofauti iliyoonekana. Tatu, kipimo kilichotumika hakikuwa uzito wa samaki peke yake. Fedha zilihesabiwa pia, kwa kuwa kilo moja ya samaki mkubwa na kilo moja ya samaki wadogo haziuzwi bei moja.

Funzo la mwani wa Mlingotini

Mfano wa pili uko Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kisha kikaenea katika pwani ya Bara. Aina kuu ni mbili, spinosum na cottonii. Zote hutoa kiungo cha kugandisha kinachotumika viwandani katika vyakula, dawa ya meno na bidhaa nyingine. Cottonii hununuliwa kwa bei kubwa zaidi.

Njia iliyozoeleka ni ya vigingi. Kamba hufungwa kati ya vigingi katika maji mafupi, na mkulima, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huhudumia shamba lake maji yanapokupwa. Njia hiyo ni rahisi. Hata hivyo, katika maji mafupi joto hupanda sana na cottonii hudhoofika, huoza na kukatika. Katika sehemu nyingi wakulima walijikuta wamebaki na spinosum yenye bei ndogo.

Ufumbuzi uliojaribiwa Mlingotini ulikuwa kuhamia kwenye kina kirefu kwa kutumia kamba zinazoelea, zilizoshikwa na nanga chini na maboya juu. Uchunguzi wa mwaka 2007, uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wa Chuo Kikuu cha Rhode Island cha Marekani, ulilinganisha njia hizo mbili kwa hesabu za gharama na mapato. Kamba zinazoelea zilihitaji mtaji mkubwa zaidi mwanzoni, lakini ziliwezesha cottonii kustawi mahali ambapo vigingi vilishindwa. Faida nyingine ilipatikana pembeni: samaki hupenda kukusanyika chini ya kamba hizo, hivyo dema likiwekwa hapo huongeza kitoweo na fedha.

Lakini ufumbuzi huo ulileta maswali mapya. Shamba la kina kirefu linahitaji mashua, na mashua inahitaji mtu wa kuiendesha. Wanawake wengi waliozoea kwenda shambani kwa miguu hawakuwa wamefunzwa kuogelea. Kwa hiyo swali la kamba lilipojibiwa, lilifuata swali la nani atafika kwenye kamba na atalipa nini kwa safari hiyo. Asiyehesabu gharama ya mashua anaweza kuona faida kubwa kwenye karatasi na asiione mfukoni.

Funzo la Mlingotini kwa mfanyabiashara ni kwamba kifaa ni sehemu moja tu ya ufumbuzi. Mtumiaji wake, njia ya kukifikia na mnunuzi wa mwisho ni sehemu za ufumbuzi huohuo, na lazima nao wajaribiwe.

Mazoezi haya hufundishwaje?

Nchini Marekani, kitengo cha D-Lab cha chuo kikuu cha MIT, kilichoanzishwa na Amy Smith mwaka 2002, kilijenga masomo yake juu ya msingi kwamba mtu mwenye tatizo anaweza kufundishwa kubuni ufumbuzi wake mwenyewe. Mwaka 2009 mafunzo ya aina hiyo kwa wanavijiji yalianza kaskazini mwa Uganda. Hapa Tanzania, mkutano wa kimataifa wa ubunifu wa aina hiyo ulifanyika Arusha mwaka 2014, na fundi baiskeli wa mji huo, Bernard Kiwia, alianzisha karakana ya Twende ambako wananchi hufundishwa kubuni na kutengeneza vifaa vyao.

Moja ya mazoezi ya kwanza katika mafunzo hayo ni kutengeneza kifaa cha kupukuchulia mahindi kutokana na kipande cha bati. Washiriki hupima, hukata na kukunja bati kuwa mfano wa pete yenye meno ndani, kisha hupitisha gunzi la mahindi na kulizungusha. Kifaa cha kwanza huwa kikubwa mno au kinabana. Mshiriki hukifungua, hukirekebisha na kujaribu tena. Mwisho wa zoezi anakuwa na kifaa cha kwenda nacho nyumbani, lakini faida kubwa zaidi ni kuona kwa macho yake kuwa kosa la kwanza si mwisho wa kazi.

Hatua zinazofundishwa ni hizi: kukusanya habari za tatizo, kutoa mawazo mengi, kuchagua moja, kutengeneza mfano, kuujaribu kwa watumiaji na kurekebisha. Mzunguko huo hurudiwa mpaka matokeo yaridhishe.

Mazoezi manne ya kufanya dukani au mezani

Mazoezi yafuatayo yamepangwa kwa ajili ya mchuuzi wa samaki. Mfanyabiashara wa bidhaa nyingine anaweza kubadilisha vitu na kufuata utaratibu uleule.

1. Daftari la kero. Kwa siku saba mfululizo, mchuuzi anaandika kila kitu kilichomkosesha fedha: saa, tukio na kiasi cha shilingi. Asiandike mawazo ya ufumbuzi katika wiki hiyo. Siku ya nane anajumlisha na kuchagua kero moja yenye jumla kubwa zaidi. Wengi hushangaa kuona kuwa kero inayowaudhi sana siyo inayowagharimu zaidi.

2. Kwa nini mara tano. Utaratibu huu ulipata umaarufu katika viwanda vya Toyota nchini Japani. Kero iliyochaguliwa inaulizwa "kwa nini" mara tano, na kila jibu huzaa swali linalofuata. Mathalani: Kwa nini samaki wa jioni waliuzwa nusu bei? Walikuwa wamelegea. Kwa nini walilegea? Barafu ilikwisha saa sita mchana. Kwa nini iliisha mapema? Deli halikutunza baridi. Kwa nini halikutunza? Kifuniko kilikuwa wazi kila wakati. Kwa nini kilikuwa wazi? Kila mteja alitaka kuona samaki kabla ya kuuliza bei. Mchuuzi aliyeanza na wazo la kununua jokofu anajikuta anahitaji kwanza sinia la maonyesho lenye samaki wachache na barafu kidogo, ili deli libaki limefungwa.

3. Meza ya karatasi. Mchuuzi anapima meza yake na kuichora kwenye karatasi, sentimita 10 zikiwa badala ya mita 1. Meza ya mita 2 kwa mita 1 inakuwa sentimita 20 kwa 10. Kisha anakata vipande vya karatasi vya kipimo hichohicho kwa ajili ya deli, mizani, ubao wa kukatia na mahali pa fedha. Anavipanga kwa namna tatu tofauti, na kila mara anachora mstari unaofuata mkono wake tangu mteja anapofika mpaka anapoondoka. Mpangilio wenye mistari mifupi na kufungua deli mara chache ndio wa kujaribiwa kesho yake. Gharama ya zoezi hili ni karatasi na mkasi.

4. Jaribio la barafu. Zinahitajika ndoo tatu za ukubwa mmoja zenye vifuniko, na barafu kilo 1 kwa kila ndoo. Ya kwanza inaachwa kama ilivyo. Ya pili inazungushiwa makumbi makavu ya nazi yaliyofunikwa kwa nailoni. Ya tatu inawekwa ndani ya boksi kubwa zaidi, na nafasi inayobaki inajazwa unga wa mbao mkavu. Zote zikae kivuli kimoja. Baada ya saa nne, barafu iliyobaki katika kila ndoo inapimwa kwa mizani na kuandikwa. Siku ya pili jaribio linarudiwa kwa barafu kiasi kilekile, ila safari hii vifuniko vinafunguliwa mara kumi kwa saa kama ilivyo sokoni. Ulinganisho wa siku hizo mbili utaonyesha kama fedha ziende kwenye kuta za deli au kwenye kupunguza kufungua kifuniko. Makumbi na unga wa mbao ni lazima viwe vikavu, kwani vikilowa hupitisha joto na jaribio huharibika.

Katika nchi za joto kanuni inayofundishwa kwa wauza samaki ni barafu kilo 1 kwa samaki kilo 1, na maji ya barafu iliyoyeyuka yapewe njia ya kutoka. Mchuuzi anayepunguza barafu ili kuokoa fedha ajue kiasi anachopoteza jioni.

Hesabu ya mfano

Bei zifuatazo ni za kuonyesha hesabu tu na hazikuchukuliwa kutoka soko lolote. Chukua mchuuzi ambaye kila siku huuza kilo 10 za mwisho kwa sh. 4,000 badala ya sh. 8,000. Hasara yake ni sh. 40,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, hasara ni sh. 1,040,000.

Baada ya mazoezi, anatengeneza sinia la maonyesho na kuongeza ukuta wa deli kwa jumla ya sh. 80,000. Anaongeza pia barafu ya sh. 4,000 kila siku. Hasara inapungua kwa nusu, yaani anaokoa sh. 20,000 kwa siku. Akitoa gharama ya barafu, anabaki na sh. 16,000. Fedha zake zinarudi kwa siku tano. Katika mwezi wa kwanza anaokoa sh. 416,000, na akitoa sh. 80,000 za matengenezo anabaki na sh. 336,000.

Mwenzake aliyekopa sh. 1,500,000 kununua jokofu bila kujaribu lolote anaanza kulipa riba na umeme mwezi huohuo. Kama sababu ya hasara yake ni kufungua kifuniko kila dakika chache, jokofu nalo litafunguliwa hivyohivyo. Jokofu si kifaa kibaya, na huenda siku moja likahitajika. Kosa lake ni kulinunua kabla ya kujua linatibu nini.

Masharti ya jaribio salama

Jaribio zuri lina masharti manne. Kwanza, kiasi kinachoweza kupotea kipangwe kabla ya kuanza, na kisizidi faida ya siku chache. Pili, kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja. Tatu, muda wa jaribio na kipimo chake viandikwe mapema, ili matokeo yasipindishwe na mapenzi ya mwenye wazo. Nne, mtu wa kuamua awe mnunuzi anayetoa fedha zake. Sifa za ndugu na marafiki hazilipi kodi ya meza.

Ushauri kwa mwekezaji mdogo

Wapo pia wasomaji wasiouza samaki lakini huombwa kuchangia mtaji katika mradi wa kijana mwenye kifaa kipya, iwe mashine ya kukamua nazi, chanja la kukaushia dagaa au jiko la makaa ya vifuu. Mwekezaji wa aina hiyo anashauriwa kuomba vitu vitatu kabla ya kutoa fedha: daftari la majaribio, kifaa cha awali kilichoshindikana, na mteja aliyekwisha kulipa. Mbunifu asiye na kifaa kilichoshindikana pengine hajajaribu vya kutosha. Asiye na mteja aliyelipa bado ana wazo tu, na wazo lina bei yake tofauti na biashara.

Aidha, kusajili jina la biashara BRELA si sawa na kupata hataza ya ugunduzi, ingawa kwa Tanzania Bara maombi yote mawili hupelekwa kwa wakala huyo. Mwekezaji aulize ni kipi hasa kilichosajiliwa. Kwa mafunzo na ushauri wa viwanda vidogo lipo shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973, na kwa wabunifu wanaotaka kuonekana kitaifa yapo mashindano ya MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019.

Muhtasari

Kero iandikwe kwa shilingi. Sababu yake itafutwe kwa maswali. Ufumbuzi ujaribiwe kwa karatasi, ndoo na bati kabla ya mkopo. Matokeo yapimwe kwa fedha iliyobaki mkononi, ikihesabiwa pamoja na gharama ya watu na usafiri, kama wakulima wa Mlingotini walivyolazimika kuhesabu mashua.

Kazi ya wiki: mfanyabiashara afungue ukurasa mpya wa daftari leo, aandike kero tatu za siku na kiasi cha fedha mbele ya kila moja. Wiki ijayo, atakapojumlisha, atajua jaribio lake la kwanza ni lipi.